Vimeng'enya vya mwani wa kijani: Jinsi vinavyowezesha kupatikana kwa oksijeni

MFUGAJI wa samaki mwenye bwawa la maji ya kijani hujua jambo moja ambalo humshangaza mgeni. Mchana, jua linapowaka, samaki wake huogelea kwa utulivu. Alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, samaki hao hao wanaweza kuonekana wamepanda juu ya maji, midomo wazi, wakitafuta hewa.

Ukijani wa maji hayo hutokana na mwani, viumbe vidogo ambavyo kimoja kimoja havionekani kwa macho. Mchana mwani huzalisha oksijeni ambayo huyeyuka katika maji. Usiku huacha kuizalisha, lakini huendelea kuitumia kwa kupumua, sawa na samaki. Mwani ukizidi kiasi, oksijeni inaweza kwisha kabla ya mapambazuko na mfugaji akaamka na kukuta samaki wake wakielea wamekufa.

Shuleni watoto hufundishwa kwamba mimea hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kutoa oksijeni. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Glasi ya maji safi ikiachwa juani kutwa nzima, mwanga hautayapasua maji hayo yakatoa oksijeni. Ili mwanga ufanye kazi hiyo, lazima pawepo vimeng'enya, na hao ndio watendaji wakuu ndani ya seli ya mwani.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kutumika na kwisha. Mfano ulio karibu ni tonge la ugali: likitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa tamu, kwa sababu kimeng'enya kilichomo katika mate, kiitwacho amilesi, huvunja wanga na kuugeuza kuwa sukari. Seli moja ya mwani ina maelfu ya protini za aina mbalimbali, na sehemu kubwa ya hizo ni vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake.

Mwani wa kijani ni upi

Neno mwani hutumika kwa makundi ya viumbe yasiyo na undugu wa karibu. Mwani unaolimwa na wakulima wa Zanzibar kwa ajili ya kuuzwa nje, kwa sehemu kubwa, ni wa kundi la mwani mwekundu, hata pale unapoonekana wa kijani au kahawia. Kundi jingine, ambalo mara nyingi huitwa mwani wa bluu-kijani, kwa hakika ni bakteria.

Mwani wa kijani wenyewe ni kundi ambalo mimea yote ya nchi kavu, kuanzia nyasi hadi mwembe, ilichipuka kutoka katika ukoo wake. Ndiyo maana rangi yake, wanga inaojiwekea kama akiba, na mitambo yake ya kunasa mwanga hufanana sana na ile ya majani ya mahindi au mchicha.

Aina zilizochunguzwa zaidi ni Chlorella, Scenedesmus na Chlamydomonas. Chlamydomonas ni seli moja yenye upana wa takriban sehemu 10 za elfu ya milimita. Ina mikia miwili ya kuogelea na kloroplasti moja kubwa yenye umbo la kikombe. Kwa kuwa hukua haraka na ni rahisi kufugwa maabara, wanasayansi wameitumia kwa miongo mingi, na ramani ya vinasaba vyake ilichapishwa mwaka 2007.

Oksijeni hutoka katika maji

Historia ya elimu hii imefungamana na mwani tangu mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1770, Joseph Priestley, mchungaji na mwanakemia wa Uingereza, aliona kwamba kitu cha kijani kilichoota katika vyombo vyake vya maji kilitoa hewa safi kikiwekwa kwenye jua. Leo inafahamika kwamba kitu hicho kilikuwa mwani. Mwaka 1779, daktari Jan Ingenhousz, mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kwamba mimea hutoa hewa hiyo kwenye mwanga tu, na kwamba gizani huichafua hewa.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, wanasayansi wengi waliamini kwamba oksijeni hiyo hutokana na hewa ya ukaa: mmea huichukua, hubakiza kaboni na kuachia oksijeni. Mwaka 1937, Robin Hill wa Cambridge aliitia dhana hiyo mashakani. Alionyesha kuwa kloroplasti zilizotolewa ndani ya majani huweza kutoa oksijeni bila hewa ya ukaa, mradi kuwepo kitu kingine cha kupokea elektroni.

Ushahidi mwingine ulitolewa mwaka 1941 na Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waliweka mwani wa Chlorella katika maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, kisha wakapima hewa iliyotolewa. Uzito wa oksijeni hiyo ulilingana na ule wa maji, wala haukulingana na ule wa hewa ya ukaa. Tangu hapo imezidi kuthibitika kwamba oksijeni itolewayo katika usanisinuru hutoka katika maji.

Kimeng'enya kinachopasua maji

Kupasua maji si kazi nyepesi. Molekuli ya maji ni imara, na viwandani hupasuliwa kwa kutumia nguvu ya umeme. Mwani huifanya kazi hiyo katika joto la kawaida la bwawa, kwa kutumia mtambo wa protini nyingi zilizoshikamana unaoitwa fotosistemu ya pili. Mtambo huo ndio kimeng'enya cha msingi katika habari hii yote, na umepachikwa katika utando mwembamba ulio ndani ya kloroplasti, uitwao thailakoidi.

Kazi huanza pale klorofili zinaponasa mwanga. Nyingi kati ya klorofili hizo hazishiriki moja kwa moja katika kutoa oksijeni. Hukusanya mwanga tu na kuupeleka kwenye kituo kimoja. Jambo hilo lilianza kufahamika mwaka 1932, pale Robert Emerson na William Arnold walipomulika Chlorella kwa mimweko mifupi na kukuta kwamba kila molekuli moja ya oksijeni ililingana na takriban klorofili 2,500.

Mwanga ukifika kituoni, klorofili maalumu hupoteza elektroni moja na kubaki na njaa kubwa ya kurudishiwa nyingine. Njaa hiyo ndiyo nguvu ya kuyapasua maji. Elektroni ya kujaza pengo huchukuliwa kutoka kwenye kishada kidogo cha madini kilicho pembeni, chenye atomu nne za manganizi, moja ya kalsiamu na tano za oksijeni.

Kishada hicho hakipasui maji kila kinapopoteza elektroni moja. Husubiri hadi kitoe elektroni nne, moja baada ya nyingine, kwa kila pigo la mwanga. Hapo ndipo hujilipa deni lote kwa mkupuo, kwa kuchukua elektroni nne kutoka katika molekuli mbili za maji. Kinachobaki ni molekuli moja ya oksijeni, ambayo hutoka nje, na protoni nne.

Ushahidi wa hesabu hiyo ya nne ulipatikana mwaka 1969 na 1970 katika kazi za Pierre Joliot na wenzake nchini Ufaransa, na Bessel Kok na wenzake nchini Marekani. Walimulika sampuli zilizokaa gizani kwa mimweko mifupi sana, mmoja mmoja. Oksijeni nyingi zaidi ilitoka katika mweko wa tatu, kisha ikarudi kupanda kila baada ya mimweko minne. Ilianza na wa tatu kwa sababu, gizani, vishada vingi hubaki vikiwa vimeshapiga hatua moja.

Mwaka 2011, watafiti wa Japani walichapisha picha ya kina ya fotosistemu ya pili iliyoonyesha mpangilio wa atomu za kishada hicho. Mtambo waliouchunguza ulitoka kwa bakteria wa bluu-kijani wa chemchemi za maji moto, lakini kishada chenyewe ni kile kile katika mwani wa kijani na mimea. Mwaka 2019 yalichapishwa pia maumbo ya fotosistemu ya pili ya Chlamydomonas yenyewe, pamoja na protini zake za kunasa mwanga.

Kishada cha manganizi huhitaji ulinzi. Protini iitwayo PsbO hukaa juu yake kama kifuniko na kukishikilia mahali pake. Chlamydomonas waliokosa protini hiyo kutokana na hitilafu ya kinasaba wameshindwa kutoa oksijeni, ingawa walikuwa na klorofili na walipata mwanga wa kutosha.

Mtambo unaojiunguza na kutengenezwa upya

Nguvu inayopasua maji ni kali kiasi cha kuudhuru mtambo wenyewe. Sehemu inayoumia zaidi ni protini iitwayo D1, ambayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kishada cha manganizi. Jua likiwa kali, D1 inaweza kuharibika na kuhitaji kubadilishwa katika muda usiozidi saa moja. Protini nyingine nyingi za seli hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Hapa huingia kundi jingine la vimeng'enya, likiwemo lile liitwalo FtsH. Hivi hukata na kuondoa D1 iliyoharibika ili nyingine mpya ipachikwe. Ukarabati ukienda sambamba na uharibifu, oksijeni huendelea kutoka. Uharibifu ukizidi, uzalishaji hushuka hata kama jua linawaka, na kwa kweli jua lenyewe ndilo huwa chanzo cha kushuka huko.

Umuhimu wa ukarabati huo ulidhihirika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 na Anastasios Melis wa Berkeley na wenzake. Waliwanyima Chlamydomonas salfa, madini yanayohitajika katika kuunda protini. Bila salfa, D1 mpya hazikutengenezwa kwa kasi ya kutosha, na katika muda wa takriban siku moja uzalishaji wa oksijeni ukashuka sana. Seli ziliendelea kupumua na kumaliza oksijeni iliyobaki katika chombo kilichofungwa.

Baada ya hapo mwani ulianza kutoa hewa ya haidrojeni. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho haidrojinesi, ambacho huharibiwa na oksijeni na hivyo hufanya kazi pale tu inapokosekana. Hans Gaffron alikuwa ameona dalili za uwezo huo katika Scenedesmus tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Haidrojeni ni nishati isiyotoa moshi wa kaboni inapochomwa, ndiyo maana jambo hilo limeendelea kuwavutia watafiti. Kikwazo kikuu kimebaki kile kile: mwani wenye afya hutoa oksijeni, na oksijeni hukizima kimeng'enya cha haidrojeni.

Rubisko na foleni ya elektroni

Elektroni zinazotolewa katika maji lazima zipate mahali pa kwenda. Zikikosa, njia hujaa, nguvu ya mwanga hukosa pa kutumika na upasuaji wa maji hupungua. Kwa hiyo vimeng'enya vilivyo mbali na kishada cha manganizi navyo huamua ni oksijeni kiasi gani itatoka.

Elektroni hupita katika msururu wa protini, hupigwa tena na mwanga katika fotosistemu ya kwanza, na mwisho hupokewa na kimeng'enya kinachotengeneza NADPH. Wakati huo huo protoni zilizorundikana upande mmoja wa utando hupita katika kimeng'enya kingine, ATP sintesi, ambacho huzunguka kama gurudumu la kinu na kutengeneza ATP. NADPH na ATP ndiyo mafuta ya kutengenezea sukari.

Sukari hiyo huanzia kwa Rubisko, kimeng'enya kinachoishika hewa ya ukaa na kuiunganisha na molekuli ya kaboni tano. Hatua zinazofuata zilifichuliwa na Melvin Calvin, Andrew Benson na wenzao huko Berkeley, waliotumia mwani wa Chlorella na Scenedesmus pamoja na kaboni yenye mnururisho. Calvin alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1961.

Rubisko ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza ni ya polepole, kwa kuwa kila kituo chake hushughulikia molekuli chache tu kwa sekunde. Pili hukosea: mara nyingine hushika oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na seli hupata hasara. Kwa kiumbe cha majini tatizo huwa kubwa zaidi, kwa kuwa hewa ya ukaa husambaa majini takriban mara 10,000 polepole kuliko hewani.

Mwani wa kijani umelitatua tatizo hilo kwa msaada wa kimeng'enya kingine, kaboniki anhidresi, chenye madini ya zinki. Kazi yake ni kubadilisha hewa ya ukaa kuwa bikaboneti na kuirudisha tena. Kasi yake ni ya ajabu, kwani baadhi ya aina zake hufikia takriban mara milioni moja kwa sekunde. Seli huvuta bikaboneti kutoka majini na kuipeleka hadi kwenye chumba kidogo kiitwacho pirenoidi, ambamo Rubisko imejaa. Hapo kaboniki anhidresi huigeuza kuwa hewa ya ukaa karibu kabisa na Rubisko.

Chlamydomonas waliokosa aina mojawapo ya kimeng'enya hicho, iitwayo CAH3, hushindwa kukua katika hewa ya kawaida hadi waongezewe hewa ya ukaa. Inakadiriwa kwamba takriban theluthi moja ya kaboni yote inayonaswa duniani kwa usanisinuru hupitia katika pirenoidi za mwani wa aina mbalimbali.

Kuzima moto

Oksijeni yenyewe ni hatari kwa seli inayoizalisha. Ikipokea elektroni iliyopotea njia hugeuka kuwa supaoksaidi, kemikali inayounguza protini na utando. Kimeng'enya kiitwacho supaoksaidi dismutesi huibadilisha kuwa haidrojeni peroksaidi, kisha vimeng'enya vingine, kama vile katalesi na peroksidesi, huigeuza hiyo kuwa maji. Bila wazima moto hawa, seli ya mwani isingestahimili jua la mchana mmoja.

Vinavyoweza kuusimamisha mtambo

Kwa kuwa oksijeni hutegemea mnyororo mzima, kukatika kwa pete moja kunatosha kuisimamisha. Baadhi ya dawa za kuua magugu zimetengenezwa kwa lengo hilo hasa. Diuroni na atrazini, kwa mfano, hujipachika katika D1 mahali panapopaswa kukaa kibeba elektroni kiitwacho plastokwinoni. Elektroni hazisongi mbele, na maji hayapasuliwi tena.

Dawa hizo hazichagui kati ya gugu la shambani na mwani wa mtoni, kwa sababu mtambo ni ule ule. Mvua ikizisomba hadi kwenye mto au bwawa, mwani huathirika. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2004 kutoiidhinisha atrazini, kutokana na wasiwasi wa kuchafua maji ya ardhini, ingawa katika nchi kadhaa nyingine imeendelea kutumika.

Upungufu wa madini nao una athari. Bila manganizi kishada hakiundiki. Bila chuma elektroni hazipiti. Bila salfa au naitrojeni protini hazikarabatiwi. Kwa upande mwingine, virutubisho vikizidi, mwani huongezeka kupita uwezo wa maji.

Ziwa Victoria ni mfano unaofahamika. Tangu miaka ya 1960, fosforasi na naitrojeni kutoka mashambani, katika miji na kwenye moshi wa uchomaji wa misitu vimechangia kuongeza mwani na bakteria wa bluu-kijani ziwani humo. Tabaka la juu hupata oksijeni nyingi mchana. Lakini mwani unapokufa na kuzama, bakteria wanaouozesha huimaliza oksijeni ya chini, na kwa sehemu ya mwaka maji ya kina kirefu hayafai kwa samaki wengi.

Hesabu ya maji yenyewe huonyesha kwa nini hatari huwa karibu. Lita moja ya hewa ina takriban miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji baridi yenye joto la nyuzi 25 hubeba miligramu zipatazo 8 tu inapokuwa sawa na hewa, na joto likipanda kiasi hicho hupungua. Akiba ya bwawa kwa usiku mmoja, kwa hiyo, ni ndogo, na wanaoigawana ni wengi: samaki, mwani wenyewe na bakteria wa kwenye tope.

Ndiyo sababu wataalamu wa ufugaji humshauri mwenye bwawa asiuhesabu ukijani wa maji kuwa dalili ya usalama. Maji yaliyokolea mno hupunguzwa kwa kubadilishwa sehemu yake. Chakula na mbolea hupunguzwa, hasa siku za mawingu mazito, kwa kuwa mwanga hafifu huzalisha oksijeni kidogo ilhali upumuaji haupungui. Kipimo cha oksijeni nacho huchukuliwa alfajiri, wala si saa nane mchana, kwa sababu saa hizo za mwisho wa usiku ndizo huonyesha kiwango cha chini kabisa.

Jua likichomoza, kishada cha manganizi katika kila seli huanza upya kuhesabu hadi nne, na katika muda mfupi samaki waliokuwa wakihema juu ya maji hurudi chini.